Nguo za kulalia (ubunifu wa lebo)

Mwelekeo wa ubunifu ni uamuzi wa kwanza wa mwenye lebo ya nguo za kulalia: kitambaa, mkato, rangi na mvaaji. Kwa fundi cherehani wa Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, joto humwelekeza kwenye pamba nyepesi badala ya satini ya poliesta, inayong'aa dukani lakini isiyonyonya jasho. Kanga hufaa gauni la kulalia, ila ina masharti: jina (maandishi yake) likiangukia kwapani na pindo likikatwa ovyo, doti imeharibika. Sidiria ni kazi nyingine kabisa. Hudai lastiki, vikombe na saizi nyingi, hivyo lebo changa hufanya vyema kuanza na magauni. Tena sidiria mpya hushindana na mitumba: nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku Tanzania, lakini minadani bado zinauzwa.