Pongezi za Haraka

Tuikumbuke jioni ya tarehe 30 Desemba 2007. Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile katika Ikulu ya Nairobi, huku Raila Odinga akiyakataa matokeo. Marekani ilitoa pongezi siku hiyohiyo. Siku iliyofuata ikajitenga nazo. Rais Museveni wa Uganda naye alimpongeza Kibaki. Lakini salamu za wakubwa hazikuzima moto: watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Utulivu ulirejea wahasimu wawili walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Uhalali wa kiongozi hautoki ng'ambo. Huzaliwa katika kura iliyohesabiwa kwa haki.