Dakota ya Masoko: ndege ya mianzi na wazee waliokwenda Joni

UE zimeisha, bumu liliisha kabla ya UE, na mimi niko nyumbani Masoko nakula ndizi. Kwa wale wanaoniulizaga Masoko ni wapi: fika Mbeya, panda gari la Tukuyu, ukishuka pale utafute usafiri wa kuteremka huku kwetu. Tuna ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano, tuna jengo la mawe la Wajerumani, na tuna ile stori ya hela za Kijerumani zilizotupwa ziwani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila mgeni lazima ahadithiwe. Leo naomba tuipumzishe hiyo, niongelee ndege.

Likizo hii nimetengeneza ndege. Msicheke kwanza. Ni mfano wa DC-3, ile ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Dakota, kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Nimeimaliza juzi baada ya wiki tatu. Nataka niwaeleze jinsi ilivyotengenezwa, lakini zaidi nataka niwaeleze kwa nini ndege hiyo ni sehemu ya historia ya Rungwe, maana darasani tuliipita kwa sentensi moja tu kwenye mada ya vibarua wahamiaji, tukahamia mada nyingine.

Tuanze na ndege yenyewe. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 kule California, Marekani. Kampuni iliyoitengeneza ni Douglas. Vita ya Pili ilipokuja, jeshi la Marekani likaitaka kwa wingi kubeba askari na mizigo, likaipa jina la C-47, na Waingereza wakaiita Dakota. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Vita ilipoisha mwaka 1945 zikabaki nyingi hazina kazi, zikauzwa kwa bei poa, na ndiyo maana zilisambaa dunia nzima. Afrika zilipendwa kwa sababu moja rahisi: zilitua kwenye kiwanja cha nyasi au udongo bila matatizo. Haikuhitaji lami.

Huku kwetu Afrika Mashariki wengi tukisikia Dakota tunakumbuka East African Airways. Shirika hilo lilianza safari Januari 1946 na vindege vidogo vya mabawa mawili mawili vilivyoitwa Dragon Rapide, halafu likapata Dakota, na likaendelea mpaka lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Picha zake zipo nyingi: rubani ana tai, abiria wamevaa suti, mama wa Kizungu ameshika mkoba. Ukitaka kutengeneza mfano wa Dakota ya Afrika Mashariki, hiyo ndiyo picha inayokujia kichwani.

Ila hapa Masoko ukiwauliza wazee wa miaka 85 na kuendelea kuhusu ndege, hawakutajii East African Airways. Wanakutajia Wenela.

Wenela ni matamshi yetu ya herufi WNLA, yaani chama cha kuajiri vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Kilianzishwa mwaka 1900 na wenye migodi wenyewe, ili wasigombanie watu na kupandishiana mishahara. Mnaosoma uchumi mnaelewa hapo: ukiwa mnunuzi mmoja sokoni, bei unapanga wewe.

Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu waliotoka kaskazini ya nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Wala si kwamba walitupenda. Watu wa nchi za joto walikuwa wanakufa mno migodini, hasa kwa nimonia, mpaka ikawa aibu. Sisi Rungwe tuko kama nyuzi 9, kwa hiyo tulikuwa ndani kabisa ya eneo lililokatazwa. Miaka ya 1930 marufuku ikalegezwa, kwa sababu dhahabu ilipanda bei na migodi ilitaka watu. Mlango ukafunguliwa, na Wanyakyusa nao wakaingia.

Kwa nini waende mbali hivyo wakati huku kuna mvua mwaka mzima na ndizi haziishi? Jibu la kwanza ni kodi. Mjerumani aliianza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, Mwingereza akaendeleza ya kwake, na kodi hailipwi kwa ndizi. Jibu la pili ni ng'ombe wa mahari. Kijana asiye na hela alisubiri sana kuoa. Kwanza watu walikwenda Lupa, kule Chunya, dhahabu ilipovuma miaka ya 1920 na 1930. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Na Lupa ilipofifia, Joni ikabaki inang'aa peke yake. Joni ni Johannesburg, msije mkadhani ni jina la mtu.

Sasa hapa ndipo ndege inapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wenela walianza kusafirisha vibarua kwa ndege zao wenyewe, na kituo kikuu kilikuwa Francistown, Botswana ya leo, wakati huo Bechuanaland. Ndege zilikuwa DC-3, baadaye zikaongezwa DC-4 zenye injini nne. Mtu alichukuliwa kwa lori, akapandishwa ndege, akateremshwa Francistown, kutoka hapo treni mpaka Johannesburg, halafu lifti mpaka chini ya ardhi. Hebu fikirieni: kijana wa miaka ishirini, hajawahi kuona treni, hajawahi kuona bahari, anaruka angani kabla ya wengi wa machifu wake. Halafu ndani ya siku chache yuko chini ya ardhi kwa kina ambacho Masoko hatuna cha kukifananisha nacho.

Jirani yetu ni mmoja wao. Jina lake silitaji, ila mimi namwita babu na yeye ananiita mjukuu. Alikwenda akiwa kijana, akarudi na blanketi, cherehani na baiskeli. Ana kumbukumbu kali kuliko wengi wetu tunaodesa usiku wa manane. Yeye ndiye aliyenifanya nianze kazi hii, maana nilipomwonyesha picha ya Dakota kwenye simu aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Hii mmeifanya ndogo mno, mjukuu. Siwezi kuingia." Nikasema basi, nitakutengenezea unayoweza kuishika.

Vipimo vya ndege halisi ni hivi: upana wa mabawa kama mita 29, urefu kama mita 19 na nusu. Ukigawa kwa 50 unapata mabawa ya sentimita 58 na mwili wa sentimita 39. Inakaa mezani vizuri. Mtu mzima wa futi tano na nusu anakuwa na sentimita tatu na kitu, kama kipande cha njiti ya kiberiti. Hiki kipimo kishikeni, tutakirudia.

Mwili niliutengeneza kwa mianzi iliyopasuliwa membamba, kwa sababu huku mianzi ni bure na inakunjika ukiipitisha juu ya moto. Mbavu za ndani ni mbao za paina, mabaki niliyoomba kwa fundi seremala wa Tukuyu. Mabawa ndiyo yalinisumbua. Bawa la Dakota halikwendi moja kwa moja kama rula: kipande cha katikati, kinachoshika injini, kimelala sawa, halafu vipande vya nje vinainuka kidogo na ukingo wao wa mbele unarudi nyuma. Ukikosea huo mwinuko inakuwa ndege tu, siyo Dakota. Nilikata kigezo cha karatasi ngumu, nikapima kila upande kabla ya kuweka gundi, nikaacha ikauke usiku kucha. Na mvua za Rungwe mnazijua, gundi ya mbao hapa inakauka kwa hisani ya jiko.

Injini ni mbili, Pratt & Whitney, kila moja ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili za saba saba. Maboksi ya injini nilipata kwa vifuniko vya chupa za soda za plastiki. Upana wake unakaribiana sana na kipimo, utadhani kiwanda cha soda kilikuwa kinaniwazia mimi. Ndani nikapanga vipande 14 vya njiti, saba mbele na saba nyuma. Magurudumu makubwa ni vifungo vya koti la zamani la shangazi. Rafiki zangu wa uhandisi watanisamehe.

Dakota ikiwa chini inakaa imeinua pua, mkia umegusa ardhi kwa gurudumu dogo la nyuma. Abiria aliyeingia mlango wa nyuma kushoto alikuwa anapanda mlima ndani ya ndege mpaka kwenye kiti chake. Babu aliponiona naiweka mezani imelala sawa juu ya vigingi, akaniambia hapana, ilikuwa kama kupanda Rungwe. Hilo hakusoma popote. Miguu yake ndiyo inakumbuka.

Kisha ikaja habari ya kumalizia, na hapo nyumbani pakawa bunge. Nilifunika mwili kwa karatasi nyembamba, nikapiga msasa, nikapaka gundi iliyochanganywa na maji, nikapiga msasa tena, mara tatu. Rangi nilinunua ile ya fedha inayopakwa kwenye mageti. Dakota nyingi za miaka ile ziliachwa na bati lake la alumini linang'aa, na babu anasema aliyopanda ilikuwa kama sufuria jipya. Hapo hatukugombana. Tuligombana kuhusu maandishi ubavuni. Mdogo wangu alitaka Air Tanzania na twiga, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Binamu yangu aliyesoma sana mitandaoni alitaka East African Airways, anasema itapendeza. Mama akasema andika Masoko.

Tukaenda kumuuliza babu. Aliigeuza geuza, akapuliza mapanga yakazunguka, akacheka. Halafu akachungulia madirishani akauliza, "Sisi umetuweka wapi?"

Ndani kulikuwa kutupu. Mifano mingi ya ndege hutengenezwa hivyo, ndani hapaonekani, nani ahangaike? Ila swali lile lilinikalia. Nilikata paa la juu taratibu kwa wembe ili liwe linafunguka, nikapanga viti, na kwenye kila kiti nikaweka mtu wa njiti mwenye sentimita tatu. DC-3 ilibeba kati ya abiria 21 na 32 kutegemea viti vilivyopangwa. Mimi nimeweka 24. Ukiwapanga mmoja mmoja kwa kibano, kufika wa kumi tu unaelewa kwamba kila mmoja alikuwa na mama yake aliyebaki nyuma. Kwenye desa letu waliandikwa "nguvu kazi".

Na habari haiishii kwenye kurudi na cherehani. Vumbi la mawe ya dhahabu linakaa mapafuni, na madhara yake yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mwaka 2018 kampuni kadhaa za migodi Afrika Kusini zilikubali kuwalipa fidia wachimbaji waliougua silikosisi na kifua kikuu, na mahakama ikaidhinisha mwaka 2019. Lakini makubaliano hayo yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Sasa pigeni hesabu. Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961, na muda mfupi baadaye serikali yetu ikasimamisha uajiri wa Wenela, kwa sababu haikutaka kuwapelekea makaburu nguvu ya vijana wake. Uamuzi wa heshima kabisa, na mimi nauunga mkono. Lakini aliyerudi kabla ya 1965 yuko nje ya mstari huo. Sisemi babu anaumwa, ana pumzi kuliko mimi. Nasema tu kwamba karatasi za fidia hazikuandikwa kwa ajili ya kizazi chake.

Majirani zetu ng'ambo ya mto Songwe waliendelea kwenda. Tarehe 4 Aprili 1974 DC-4 ya Wenela ilianguka mara baada ya kuruka Francistown, wakafa watu 78, wengi wao Wamalawi waliokuwa wanarudi makwao. Ilikuwa imewekewa mafuta yasiyo yake. Rais Banda akasimamisha uajiri. Mwaka 1977 Wenela ikaunganishwa na chama kingine ikapata jina jipya, TEBA, na jina la Wenela likabaki kwa wazee.

Ubavuni mwishowe sikuandika kitu. Fedha tupu, na mlango wa nyuma kushoto uko wazi. Ndege iko kwa babu juu ya redio, wajukuu wameambiwa waiguse kwa macho.

Wadau wa Rungwe, Kyela, Njombe, na nyie wa Karonga mnaosoma huku: kama nyumbani kuna mzee aliyekwenda Joni, muulizeni mwaka huu, msingoje likizo ijayo. Muulizeni alipanda wapi, alikaa upande gani, alirudi na nini. Andikeni na tarehe. Wanaobaki wanazidi kupungua.

Mimi ngoja nikamsaidie mama kuchuma chai. Tuonane chuoni.