Charles Rennie Mackintosh na Margaret Macdonald

Charles Rennie Mackintosh (Glasgow, 7 Juni 1868 – London, 10 Desemba 1928) na Margaret Macdonald Mackintosh (Tipton, Uingereza, 5 Novemba 1864 – London, 7 Januari 1933) walikuwa mume na mke, wasanii waliofanya kazi hasa nchini Uskoti. Charles anajulikana zaidi kama msanifu majengo na mbunifu wa samani, na Margaret kwa paneli zake za mapambo. Lakini wote wawili walichora kwa rangi za maji tangu ujana wao, na kazi za ujenzi zilipomkauka Charles, rangi za maji ndizo zilizobaki.

Kukutana na ndoa

Walikutana mwanzoni mwa miaka ya 1890 katika Shule ya Sanaa ya Glasgow. Margaret na mdogo wake Frances walisoma mchana. Charles na rafiki yake Herbert MacNair walikuwa waajiriwa wa ofisi ya wasanifu majengo, hivyo walihudhuria masomo ya jioni. Mkuu wa shule, Francis Newbery, aliona kwamba kazi za vijana hao zinafanana, akawakutanisha. Baadaye waliitwa "Wale Wanne". MacNair alimwoa Frances mwaka 1899, na Charles akamwoa Margaret tarehe 22 Agosti 1900. Mwaka huohuo walialikwa kuonyesha kazi zao mjini Vienna, Austria, ambako walipokewa vizuri kuliko walivyozoea nyumbani.

Wakati wa ndoa Margaret hakuwa mwanagenzi. Mwaka 1898 alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwanachama wa chama cha kifalme cha wachoraji wa rangi za maji cha Uskoti.

Mitindo miwili

Ingawa walitumia rangi za aina moja, hawakuchora kwa namna moja. Margaret alichora kutoka mawazoni: wanawake warefu wenye macho yaliyofumbwa, ukungu, maua na mambo ya hadithi. Mifano ni The Mysterious Garden (1911) na The Pool of Silence (1913). Charles alichora alichokiona. Alianza na mstari mwembamba wa penseli, makini kama ramani ya nyumba, kisha akatia rangi nyepesi sehemu chache tu na kuacha karatasi nyeupe ionekane. Rangi ya maji haimwachii mchoraji nafasi kubwa ya kusahihisha, na pengine ndiyo sababu ilimfaa mtu aliyezoea kupanga kila kitu kabla ya kuanza.

Walberswick

Kufikia mwaka 1914 Charles alikuwa ameachana na kampuni yake ya usanifu. Hakuwa na wateja, na afya yake ilikuwa mbaya. Wenzi hao waliondoka Glasgow wakaenda kupumzika Walberswick, kijiji cha pwani ya mashariki ya Uingereza. Huko Charles alichora mfululizo wa picha za maua na mimea, mojawapo ikiwa Fritillaria (1915).

Pembeni mwa picha hizo kuna kisanduku kidogo chenye jina la mmea, mahali, mwaka na herufi za majina. Mara nyingi herufi hizo ni za watu wawili: CRM kwa Charles na MMM kwa Margaret. Maana yake imejadiliwa sana. Wengine huona ni dalili kwamba Margaret alishika brashi pia. Wengine husema Charles aliandika tu nani alikuwa pamoja naye alipochora. Maelezo ya pili yana nguvu zaidi, kwa kuwa mkono unaoonekana katika michoro hiyo ni ule wa Charles. Hata hivyo, si wachoraji wengi walioona kuwapo kwa mwenzi kuwa jambo la kuandikwa juu ya kazi yenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliharibu mapumziko hayo. Mgeni aliyetembea ufukweni jioni, tena mwenye barua kutoka Austria na Ujerumani, alishukiwa kuwa jasusi. Mwaka 1915 walihamia Chelsea, London.

Ufaransa

Mwaka 1923 walikwenda kusini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania, ambako maisha yalikuwa nafuu. Hatimaye walikaa katika hoteli mjini Port-Vendres, bandari ndogo ya Bahari ya Mediteranea. Charles alikuwa ameacha usanifu kabisa. Alichora picha zipatazo 40 za miamba, ngome, mashamba na nyumba, miongoni mwao La Rue du Soleil (1926) na The Rocks (1927). Rangi sasa ni nzito kuliko za Walberswick, na watu hawaonekani kabisa au ni nadra. Alifanya kazi polepole mno, picha moja ikichukua siku nyingi.

Hakuna kazi kubwa ya Margaret inayojulikana kutoka miaka hiyo ya Ufaransa. Mwaka 1927 alikwenda London kwa matibabu kwa majuma kadhaa, na Charles alimwandikia barua mfululizo. Barua hizo, zilizochapishwa mwaka 2001, zinaeleza upepo uliomzuia kuchora, picha zisizotaka kwisha, na jinsi alivyomkosa mkewe.

Kifo na urithi

Baadaye mwaka huohuo Charles aligunduliwa kuwa na saratani ya ulimi, wakarudi London, alikofariki mwaka uliofuata. Margaret alipofariki mwaka 1933, mali yote iliyobaki, pamoja na picha, ilikadiriwa kuwa na thamani isiyofika pauni 90. Sehemu kubwa ya kazi zao sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Hunterian ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwaka 2008 paneli moja ya Margaret, The White Rose and the Red Rose (1902), iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.