Priamplifaya iliyotumika: Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

KUREJEA kwa santuri katika sebule za mijini kumeamsha upya soko la vyombo vya muziki vilivyotumika, na miongoni mwa vinavyotafutwa ni priamplifaya, yaani kile kisanduku kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya kubwa inayosukuma spika. Kazi yake ni kuchagua chanzo, kupandisha mawimbi dhaifu na kudhibiti kiasi cha sauti. Kwa kuwa haibebi mzigo wa spika, haipati joto kali, na ndiyo maana ile yenye umri wa miaka 30 au 40 yaweza kuwa nzima kuliko amplifaya ya rika lake.

Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kwanza kujiuliza iwapo anaihitaji. Mashine ya CD hutoa takriban volti 2, kiasi kinachotosha kuendesha amplifaya nyingi bila msaada. Mwenye chanzo kimoja tu, nacho kina kidhibiti chake cha sauti, atakuwa ananunua pambo.

Mwenye santuri yuko katika hali nyingine. Sindano ya kawaida yenye sumaku hutoa kama milivolti 5 tu, na ile ya koili hutoa nusu milivolti au pungufu. Isitoshe, tangu miaka ya 1950 santuri hurekodiwa kwa kanuni ya RIAA, inayopunguza besi na kuongeza sauti nyembamba. Sharti kifaa kiurudishe uwiano huo. Kazi hiyo hufanywa na sehemu inayoandikwa “Phono” nyuma ya kisanduku. Priamplifaya nyingi zilizotengenezwa baada ya CD kushika soko hazina sehemu hiyo, na wengi hugundua hayo wakiwa wamekwisha kufika nyumbani.

Mfano mzuri wa raha na karaha za vifaa vya zamani ni Quad 33 ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1967. Ni ndogo na ya kupendeza, na ndani yake mna vibao vinavyochomolewa na kugeuzwa ili kulingana na chanzo. Lakini ilibuniwa kabla ya CD, ambayo ilizinduliwa mwaka 1982. Njia yake ya redio hutosheka na milivolti 100. Ikiunganishwa na mashine ya CD inapokea mara 20 ya kiasi hicho, na kitufe cha sauti kikiguswa kidogo tu, chumba hujaa kelele. Soketi zake nazo ni za DIN, hivyo waya maalumu huhitajika. Anayeitafuta azingatie pia kwamba mwaka 2024 jina hilo hilo lilipewa kifaa kipya kabisa.

Mtego mwingine uko kwa Naim, pia ya Uingereza. Priamplifaya zake kadhaa za zamani, kama NAC 42, hazina waya wa kuchomeka ukutani. Hupata umeme kutoka amplifaya ya kampuni hiyo hiyo au kisanduku cha umeme kinachouzwa peke yake. Bei ya chini ya kifaa hicho basi ni nusu ya habari.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, jambo la hatari zaidi ni volti. Vifaa vilivyouzwa ndani ya Japani hutumia volti 100, na vya Marekani volti 120, ilhali umeme wa majumbani hapa ni 230 au 240. Kuchomeka kimoja moja kwa moja ni kukichoma. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya bei kujadiliwa. Transfoma ndogo ya kushusha umeme hutosha, kwani priamplifaya hula wati chache, ila iwekwe mbali nayo. Zikikaribiana, mngurumo huingia katika muziki.

Wakati wa majaribio, kitufe cha sauti kizungushwe taratibu bila muziki. Mkwaruzo mara nyingi ni vumbi, na fundi huuondoa kwa dawa ya kupuliza. Upande mmoja ukipotea sauti inapokuwa chini, kidhibiti kimechakaa na huenda kikahitaji kubadilishwa. Kila swichi ijaribiwe, na rimoti iulizwe, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya miaka ya 1990 na kuendelea vina kazi zisizopatikana bila hiyo. Fundi apime pia kwa mita kama umeme wa moja kwa moja unavuja kwenye soketi za kutolea sauti. Ukizidi makumi machache ya milivolti, ni heri kuondoka.

Mngurumo usiokoma, au kishindo kikubwa kila kinapowashwa, huashiria kapasita zilizokauka kwa umri. Zenyewe si ghali. Ghali ni saa za fundi, na gharama hiyo ikatwe katika bei kabla fedha hazijatoka mfukoni.