Mbasa na Mlinzi Wake

Msafiri atokaye Mbeya kushuka Tukuyu hata Kyela huona jinsi baridi inavyomwacha kidogo kidogo, mashamba ya chai yakaipisha migomba na migomba ikaupisha mpunga, mpaka mwishowe akalikuta Ziwa Nyasa limelala chini ya milima ya Livingstone; bali ni wachache wakumbukao kwamba maji ya mito ya Kiwira na Mbaka, yaliyofuatana naye njia nzima kutoka pande za Mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960 hivi, hayakuwa yakishuka tu kama yeye, kwa maana katika majira ya mvua yalikuwa pia ni njia ya kupandia, na apandaye ni samaki.

Samaki huyo ni mbasa. Maisha yake ya utu uzima huyapitisha ziwani, akifukuza usipa katika maji ya wazi, naye ni mwenye umbo refu, magamba madogo ya rangi ya fedha na mwendo wa kasi. Lakini hatagi mayai ziwani. Mvua za Kyela zikishika, nazo ni nyingi kupita za sehemu nyingi za nchi yetu, mbasa hukusanyika midomoni mwa mito, katika Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, kisha hushindana na mkondo kwenda juu kutafuta mahali penye changarawe safi na maji yanayokwenda mbio, akayaacha mayai yake humo na kurejea ziwani akiwa hai, na wanawe hukaa mtoni kwa muda kabla ya kumfuata. Kwa ajili ya safari hiyo Waingereza walimwita salmoni wa Nyasa, ingawa kwa nasaba yeye si jamaa wa salmoni hata kidogo, bali yu karibu zaidi na ningu wa Ziwa Viktoria. Jina lake katika vitabu vya elimu alilipewa mwaka 1864 na Albert Günther wa London, kwa samaki waliokusanywa na Dakta John Kirk katika msafara wa Livingstone. 

Lakini wenyeji walikuwa na elimu ya mbasa kabla ya elimu ya London. Wanyakyusa wa bondeni waliweka migono na nyua mitoni, na Wakisi wa Ikombe, ambao wake zao ni mafundi wa vyungu, walivua ziwani kwa mitumbwi ya kuchonga, wakabadilishana samaki na vyungu kwa chakula cha wakulima. Hata leo vyungu vyao huletwa Matema kwa mitumbwi. Uvuvi wa mtoni ulitaka maarifa ya namna yake, kwa kuwa mvuvi wa ziwani humtafuta samaki bila ya kujua aliko, ilhali mvuvi wa mtoni humngojea mgeni ambaye siku zake zajulikana na njia yake ni moja. Ajuaye njia moja ya mtu aweza kumkirimu, na aweza kumwangamiza.

Nilimjua mvuvi mmoja wa Mto Mbaka, mzee tayari katika miaka ya 1980, aliyeishi kwa mbasa tangu ujana wake, akiwauzia wachuuzi waliowapeleka Tukuyu na Mbeya. Jina lake silitaji, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Hakuwa mtu wa kuacha kuvua. Watoto wake walikula na kuvaa kwa samaki huyo. Lakini katika uzio wake daima palikuwapo mlango wenye upana wa mikono miwili, usiotegwa kitu, upande ule wenye maji ya kina, na watu wengine walidhani ni uvivu wa kuumaliza uzio.

Alfajiri moja niliandamana naye kwenda kutegua. Maji yalikuwa kiunoni, ya baridi kuliko nilivyodhani. Aliinua mgono wa kwanza, akatia mkono, akamtoa mbasa jike ambaye tumbo lake lilikuwa limejaa hata mayai yakamchuruzika kwenye kifundo cha mkono, madogo, ya manjano hafifu. Hakumtupa mtoni kama nilivyotazamia. Alimshusha taratibu, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo, akamshika hivyo kwa kiganja chini ya tumbo mpaka mashavu yakaanza kufunguka na kufungika sawasawa, ndipo akaiondoa mikono yake. Madume mawili ya mgono wa pili aliyatia kapuni bila ya kuyatazama mara mbili. "Huyu amekuja kuzaa, mwanangu," aliniambia, "ukimla mzazi mlangoni, mwakani utamngojea nani?"

Vijana wa kijiji chake walipoanza kutandaza nyavu kutoka ukingo hata ukingo, hakwenda kuwashitaki kwa mkubwa yeyote. Aling'oa migono yake mwenyewe kwanza, akaketi ukingoni siku kadhaa bila ya kuvua, katika majira yale yale ambayo ndiyo riziki yake ya mwaka, mpaka wakaja kumwuliza, "Tata, una nini?" Baadhi yao walimsikiliza, wengine wakamwona mzee wa zamani.

Nami sioni kuwa serikali za zamani zilimsaidia mbasa sana. Waingereza, katika jimbo lao la Nyanda za Juu za Kusini lililokusanya Iringa na Mbeya pamoja, walipandikiza trauti wa Ulaya na Marekani katika vijito vya baridi vya milimani, wakamtungia trauti sheria yake maalumu, apate kuvuliwa kwa mshipi na mabwana wakati wa likizo. Mbasa, aliyekuwa akilisha watu wa bondeni, alibaki mikononi mwa wavuao. Na kilichoweza kumfika kilikwisha onekana kwingine: ningu wa Ziwa Viktoria, ambaye naye hupanda mito kutaga, alikuwa akivuliwa kwa wingi mno katika Kagera na Nzoia, hata nyavu za makila zilipotegwa midomoni mwa mito hiyo mwaka baada ya mwaka, akapungua, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake mkubwa ulikuwa umekwisha.

Mzee wa Mbaka hakupata kusikia habari za Billy Frank wa Mto Nisqually huko Marekani, mwenyeji wa asili wa nchi hiyo aliyekamatwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 14, kwa kuvua salmoni katika mto wa wazee wake, na kwa jumla akakamatwa zaidi ya mara 50, hata mwaka 1974 mahakama ikawapa watu wake haki ya nusu ya samaki. Naye baada ya kuipata haki hiyo akautumia umri wake uliosalia, mpaka kufa kwake mwaka 2014, kudai mto wenyewe utunzwe, kwa kuwa nusu ya mto mtupu si kitu. Lau wangekutana, nadhani wasingehitaji mkalimani wa muda mrefu.

Maana mzee naye alikuwa amefika huko. Mbasa sasa amo katika orodha ya dunia ya samaki walio hatarini, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu na nyavu haramu. Lakini hakuna uzio wenye mlango uwezao kumponya samaki ambaye changarawe yake imefunikwa na matope ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, huko juu ambako mvuvi hana shamba wala kauli. Kwa hiyo mzee alijizoeza kuwauliza watu. Kila atokaye milimani, awe dereva wa lori, mchuuzi wa ndizi au mgeni wa msibani, alimsalimu kwa adabu, akamngoja apumzike, kisha akamwuliza maji ya huko yana rangi gani.

Mara ya mwisho aliniuliza mimi. Nilikuwa nimevuka daraja la Kiwira asubuhi ile, nikamwambia kweli kwamba sikuyatazama. Hakunilaumu. Alinyamaza kitambo, akazungusha ukambaa wa mgono aliokuwa akiusuka, akaniambia nikirudi nisimame darajani, nitazame upande wa juu.