Mwana wa Nani? Historia Fupi ya Majina ya Ubini

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, vitabu vya ubatizo vimekuwa hazina yetu ya kwanza. Humo tunawakuta wazee wetu kwa majina. Lakini majina nayo yana historia yake, na ni vema msomaji aifahamu kabla ya kuwatafuta mababu zake katika kurasa hizo.

Tuanze na jina la mgeni. Mwaka 1910 Mchungaji Ernst Johanssen wa Misheni ya Betheli, Mjerumani aliyekwisha kutumika Usambara na Rwanda, alifika Bukoba. Alikuta tayari wapo Wahaya walioipokea Injili kutoka Uganda. Jina lake ni la aina iliyoenea kaskazini mwa Ulaya, hasa Norway na Denmark. Johannes ndiye Yohana wetu, na mwisho wake, "-sen", maana yake ni mwana. Vivyo hivyo Maandiko yanamtaja Petro kuwa Simoni Bar-Yona, yaani mwana wa Yona.

Zamani huko Norway jina la namna hiyo halikurithiwa. Mwana wa Johan aliitwa Johansen. Kama mwana huyo jina lake lilikuwa Ole, watoto wake waliitwa Olsen, na binti zake Olsdatter, yaani binti wa Ole. Mara nyingi liliongezwa pia jina la shamba walikokaa. Desturi hiyo ilianza kubadilika mijini, na sheria ya mwaka 1923 ikaagiza watu wawe na jina la kurithi. Wengi walibaki na lile la baba au babu. Ndiyo sababu Hansen, Johansen na Olsen ni miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi Norway hata leo, na wahamiaji waliyapeleka Marekani, ambako mengi yaligeuka kuwa Johnson na Olson. Hapa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, imepata kuongozwa na madaktari wawili, baba na mwana, wote wakiitwa Olsen. Binti naye huitwa Olsen, ingawa neno lenyewe lataja mwana wa kiume.

Wahenga wetu wa Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyokuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, walikuwa na njia nyingine. Nasaba ilibebwa na ukoo pamoja na mwiko wake. Wazao wa Ruhinda, mwasisi wa nasaba ya watawala wa Karagwe, waliitwa Abahinda, nao walienea hadi Ihangiro na Nkore. Rumanyika, aliyempokea Speke huko Bweranyange mwaka 1861, alikuwa Muhinda, lakini jina lake lilikuwa lake mwenyewe.

Kila mtoto alipewa jina lililosema neno juu ya nyumba alimozaliwa. Mugisha ni baraka. Byaruhanga ni vya Ruhanga, Muumba. Kokushubira latokana na kutumaini. Tibaijuka, yaani hawakumbuki, ni lalamiko la aliyetenda wema ukasahauliwa.

Ubatizo uliongeza jina la Kikristo. Kisha shule na ofisi zikadai jina la pili na la tatu, yakaandikwa ya baba na ya babu. Fomu ilipouliza jina la ukoo, watu wengi waliandika jina la babu, wala si Muhinda au Musita. Sasa wajukuu na vitukuu wanaitwa Tibaijuka, ingawa lalamiko lile lilikuwa la nyumba moja ya zamani. Yaliyowapata watu wa Norway kwa sheria yametupata sisi kwa fomu.

Hasara yake yaonekana katika vitabu vyetu. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuandikwa kwa majina mawili ya mwisho, na watu wawili wasio na udugu wakafanana. Ukoo, ambao ndio huonyesha nani asioane na nani, mara nyingi haukuandikwa. Jina la mama nalo likaachwa.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na wazee wa kanisa: mtoto anapoletwa kubatizwa, yaandikwe majina ya baba na mama, ukoo wa kila mmoja, na maana ya jina la nyumbani. Wazee wanaoijua maana hiyo wanazidi kupungua. Waulizwe wangali hai, ili watakaoadhimisha miaka mia mbili wajue wao ni wana wa nani.