Herufi Zilizotungwa na Wenye Macho

Mwaka 1785, Valentin Haüy alifungua shule ya watoto wasioona mjini Paris na kuwatengenezea vitabu. Herufi zake zilikuwa zile zile za kawaida, ila zilikandamizwa kwenye karatasi nzito mpaka zikatokeza. Mtoto alizipapasa moja moja, polepole mno. Baya zaidi, hakuweza kuandika chochote kwa njia hiyo. Haüy alikuwa na nia njema, lakini aliunda maandishi ya vidole kwa kufuata macho yake mwenyewe, na wengi wamerudia kosa hilo tangu hapo.

Aliyelirekebisha ni mwanafunzi. Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi kutoka Coupvray, alijichoma jicho kwa msharasi wa baba yake akiwa na miaka mitatu. Uambukizo ukahamia jicho la pili. Katika shule hiyo ya Paris alikuta mfumo wa Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa jeshini, uliotumia nukta 12 kuwakilisha sauti. Nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole. Braille akabakiza sita, safu mbili za tatu tatu, ambazo hutoa michanganyiko 63: herufi, tarakimu, alama za uandishi, hata nota za muziki. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Kitabu cha kuueleza mfumo kilitoka 1829. Sasa mwanafunzi mwenye kibao na kalamu ya chuma aliweza kutoboa nukta kutoka kulia kwenda kushoto, akaigeuza karatasi, akasoma alichoandika.

Si kila mwenye macho alifurahi. Miaka ya 1840 mkuu wa shule, Armand Dufau, aliupiga marufuku mfumo huo, na wanafunzi wakautumia kwa siri. Ulikubaliwa rasmi 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki. Nukta nundu, kama mfumo wa Braille unavyoitwa kwa Kiswahili, zikasambaa duniani, na kufikia 1946 Jeshi la Wokovu lilikuwa limefungua shule ya wasioona huko Thika, Kenya.

Kompyuta ilipokuja, mambo yalianza vizuri. Skrini ilikuwa maandishi matupu, na mwaka 1989 Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki kabla ya ajali ya gari kumpofusha, alitoa JAWS, programu ya kuyasoma kwa sauti. Kisha ikaja Windows na vipicha vyake vya kubofya. Kosa la Haüy likarudi: mwenye macho alirahisishiwa, asiyeona akaachwa nje hadi programu zilipoandikwa upya. Tena JAWS ilikuwa ghali. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuandika NVDA, ambayo hutolewa bure. Sauti inayokuja nayo husoma Kiswahili pia, kwa lafudhi ya kiroboti inayochekesha mara ya kwanza. Waliozoea huiharakisha hadi mgeni haambulii neno.

Hata hivyo, programu husoma kilichoandikwa tu. Mtengeneza tovuti asipokipa kitufe jina, msikilizaji husikia "kitufe" na hajui kinatuma fomu au kinaifuta. Miongozo ya kuzuia hilo ipo tangu 1999. Fomu iliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni haisomeki kabisa mpaka kompyuta iyatambue maandishi yaliyomo.

Vitabu navyo vilikwama kwenye hakimiliki hadi Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioruhusu nakala za nukta nundu na za sauti bila idhini ya mwenye haki. Kenya iliuridhia 2017, Tanzania 2020. Mkataba haumlazimishi mchapishaji kutoa faili iliyo tayari. Kazi ya kuskani kurasa na kusahihisha makosa huishia mikononi mwa shule na maktaba.